Ruzuku za afya: nani hulipa mfadhili anapoondoka?

Tarehe 1 Julai mwaka 2025, Shirika la Misaada ya Maendeleo la Marekani, USAID, lilikoma rasmi kufanya kazi, zaidi ya miaka 63 tangu lilipoundwa na Rais John F. Kennedy. Shughuli chache zilizosalia zilihamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje mjini Washington. Mwisho huo ulikuwa umekwisha kubashiriwa. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mwezi Machi Waziri wake wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika hilo imefutwa.

Katika Afrika ya Mashariki athari zilionekana ndani ya wiki chache. Nchini Kenya maelfu ya wahudumu wa afya waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walipoteza ajira. Nchini Uganda Wizara ya Afya iliagiza kliniki zilizotengwa kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Asasi ndogo, zile zenye chumba kimoja cha ofisi, pikipiki mbili na wahudumu wa kujitolea vijijini, nyingi zilipokea barua moja tu: simamisheni kazi.

Wengi walisema jambo kama hilo halijawahi kutokea. Kwa ukubwa wake, ni kweli. Lakini swali lililoulizwa wakati huo, yaani nani atakayelipa mfadhili akiondoka, lina umri mkubwa kuliko USAID yenyewe. Historia ya ruzuku za afya kwa kiasi kikubwa ni historia ya swali hilo, na majibu yaliyotolewa kwa nyakati mbalimbali yana mengi ya kuwafundisha wanaoandika maombi ya fedha hivi leo.

Wakfu na zahanati ya Unguja

Kabla ya neno ruzuku kupata maana yake ya sasa, watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walikuwa na njia yao ya kugharimia huduma za jamii, nayo ni wakfu. Mwenye mali alitenga nyumba, shamba au kisima, na mapato yake yakatumika kwa msikiti, madrasa au maskini, hata baada ya yeye kufariki. Jambo la msingi katika wakfu ni kwamba mali yenyewe haiuzwi. Kinachotumiwa ni pato lake. Waliobuni utaratibu huo walikuwa wamekwisha kulifikiria suala la kesho.

Mfano mmoja ungali umesimama mbele ya bandari ya Zanzibar. Mwaka 1887 tajiri wa asili ya Kihindi, Tharia Topan, aliweka jiwe la msingi la jengo alilokusudia liwe hospitali ya watu wasio na uwezo. Alifariki mwaka 1891, kabla ya kuiona hospitali yake ikifunguliwa. Mwaka 1900 jengo hilo lilinunuliwa kwa fedha za mirathi ya mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, likawa zahanati ya hisani, dawa zikitolewa chini na daktari akiishi juu. Mkono wa kwanza ulipoondoka, ulipatikana wa pili. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 haukupatikana wa tatu, na jengo likachakaa hadi lilipokarabatiwa katika miaka ya 1990. Leo ni jengo la kihistoria linalotazamwa na watalii.

Minyoo ya safura na masharti ya Rockefeller

Ruzuku ya afya kwa sura inayofahamika sasa, yenye muda maalumu, shabaha maalumu na hesabu za kuwasilisha, ilipata umbo lake nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1909 John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta, alitoa dola milioni 1 kupambana na minyoo ya safura katika majimbo ya kusini. Ugonjwa huo uliwapata hasa watu maskini waliotembea pekupeku katika mashamba yasiyokuwa na vyoo. Takriban asilimia 40 ya watoto wa umri wa shule waliopimwa walikutwa na minyoo hiyo.

Aliyesimamia kazi hiyo, Wickliffe Rose, alikuwa mwalimu na wala si daktari. Alijua kwamba milioni 1 isingetosha kutibu kusini nzima, na kwamba wagonjwa waliotibiwa wangeambukizwa tena kama hakuna mtu wa kuendelea na kazi. Kwa hiyo aliweka masharti. Kampeni ilifanywa kupitia idara za afya za majimbo, na serikali za wilaya zilitakiwa kuchangia fedha zao wenyewe ili zahanati za muda zifunguliwe katika maeneo yao.

Katika miaka 5 zaidi ya watu laki 4 walitibiwa katika majimbo 11. Minyoo haikutokomezwa. Hata hivyo, tume hiyo ilipofungwa mwaka 1914, idara za afya ambazo hapo awali zilikuwa majina tu katika majimbo mengi zilikuwa na watumishi, maabara na fungu katika bajeti. Taasisi ya Rockefeller, iliyopata hati yake mwaka 1913, iliuchukua mtindo huo na kuupeleka katika nchi nyingine nyingi. Sharti la kuchangia, ambalo mwombaji wa leo hulikuta katika fomu karibu zote, lina mizizi yake hapo.

Madaktari warukao

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Afrika ya Mashariki ilipata asasi yake kubwa ya kwanza ya aina hii. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege ili kuwafikia wagonjwa walioko mbali na hospitali. Huduma hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa AMREF, yenye makao yake makuu Nairobi.

Siri moja ya kudumu kwake ilikuwa namna ilivyotafuta fedha. McIndoe alifanya kazi Uingereza, Rees New York, na Wood Afrika ya Mashariki. Tangu mwanzo asasi ilikuwa na watu wa kuisemea katika miji yenye fedha, na baadaye ikafungua ofisi za kuchangisha katika nchi kadhaa za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mfadhili mmoja akipunguza mkono, wengine walikuwapo.

Pamoja na hayo, ndege ilikuwa na mipaka yake. Ilimchukua mgonjwa mmoja, ikaacha nyuma kijiji kile kile chenye maji yale yale. Kuanzia miaka ya 1970 AMREF ilielekeza nguvu zaidi katika kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Picha ya ndege iliendelea kuwavutia wachangiaji wa mbali. Kazi iliyobadilisha maisha ya wengi ilikuwa ile isiyopigika picha kwa urahisi. Mvutano huo baina ya kinachomvutia mtoaji na kinachomfaa mpokeaji haujakwisha hadi leo.

Mtu ni Afya

Mwaka 1973 Tanzania ilijaribu njia nyingine, na chombo chake kikuu kilikuwa redio. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya watu wazima vilikutana kila wiki, vikasikiliza kipindi, vikasoma kijitabu, vikajadiliana na kisha kuamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Sweden ilisaidia kugharimia kampeni hiyo, lakini mashimo ya vyoo yalichimbwa kwa majembe ya wananchi. Kipindi cha mwisho kilipokwisha kusikika redioni, vyoo vilibaki.

Miaka mitano baadaye, mwezi Septemba mwaka 1978, wajumbe kutoka nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya enzi ya Kisovieti, wakatangaza kwamba afya ya msingi kwa wote ndiyo njia ya kufuatwa, na kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga. Lilikuwa tamko zito, lakini halikuja na fedha.

Mwaka 1979, katika mkutano wa Bellagio nchini Italia ulioandaliwa na Taasisi ya Rockefeller, hoja tofauti ikapata nguvu: kwa kuwa fedha ni chache, zichaguliwe huduma chache zenye matokeo yanayopimika. UNICEF, chini ya James Grant, ikasimama na mambo manne: kufuatilia ukuaji wa mtoto, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, maziwa ya mama, na chanjo. Mamilioni ya watoto walinufaika. Lakini tangu hapo mizani ikaegemea upande mmoja. Chanjo zilizotolewa huhesabika. Kijiji kilichojifunza kujipangia mambo yake hakihesabiki. Andiko la mradi likawa na lugha yake, yaani malengo, shughuli, viashiria na matokeo, na mratibu aliyeimudu lugha hiyo akapata fedha mbele ya yule aliyekijua kijiji tu.

Ada ya dirishani

Katika miaka ya 1980 serikali nyingi za Afrika zilikuwa na madeni makubwa, na wakopeshaji walizitaka zipunguze matumizi. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilipendekeza wagonjwa wachangie gharama. Mwaka huo huo, mjini Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika waliunga mkono mpango wa wananchi kununua dawa na fedha hizo kubaki katika vituo vyao. Jibu la swali la zamani lilionekana kupatikana: mfadhili akiondoka, mgonjwa atalipa.

Jibu hilo halikudumu. Kenya ilianza kutoza ada mwezi Desemba mwaka 1989, mahudhurio yakapungua, na chini ya mwaka mmoja baadaye ada ya kumwona daktari kwa wagonjwa wa nje ikasimamishwa. Uganda ilifuta ada katika vituo vya serikali mwezi Machi mwaka 2001, na wagonjwa wakamiminika, hasa maskini. Ilidhihirika kwamba watu wengi hawakuwa wakichagua kutokwenda hospitali. Walikuwa wameshindwa kulipa.

Tanzania ilijaribu njia ya kati. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ilianza majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa mchango wa mwaka kabla ya kuugua, na serikali ikaongeza kiasi kilicholingana na kile kilichokusanywa. Utaratibu huo uliitwa tele kwa tele. Sheria ya mwaka 2001 ikaueneza nchini. Waliojiunga walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na mara nyingi dawa zilipokosekana kituoni wanachama hawakuona sababu ya kulipa tena. Lakini wazo lilikuwa na uzito: mchango wa maskini haukusimama peke yake, bali ulikuwa ndoana ya kuvutia fedha za umma.

Waliokaa chini ya mwembe

Kipindi hicho hicho UKIMWI ulikuwa ukiwaangamiza watu wa eneo la Maziwa Makuu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimpoteza mumewe kwa maradhi hayo. Yeye na wenzake 15, wengi wao wakiishi na virusi, walianzisha TASO ili kuwasaidia wagonjwa waliokuwa wakitengwa hata na jamaa zao. Walianza kwa kukutana na kuombeana, bila fedha. Misaada midogo ya mwanzo ilitoka kwa mashirika ya Uingereza, likiwamo ActionAid. USAID ilifuata baadaye. Nchini Tanzania, mwaka 1989, Theresa Kaijage, mhadhiri wa masuala ya ustawi wa jamii, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na UKIMWI Tanzania.

Asasi hizi zilitangulia, fedha zikafuata. Huo ni utaratibu uliogeuzwa katika miaka iliyofuata. Fedha za UKIMWI zilipoongezeka, zilizuka asasi ambazo kwanza zilisoma tangazo la ruzuku, kisha zikajiandikisha. Wananchi waliziita asasi za mkobani: ofisi yake yote ilienea ndani ya mkoba wa mwenyekiti.

Mabilioni na ukaguzi

Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuuza dawa za kurefusha maisha kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati bei ya nchi tajiri ilikuwa zaidi ya dola 10,000. Tiba kwa Waafrika haikuwa ndoto tena. Mwezi Aprili mwaka huo, mjini Abuja, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Kofi Annan alitoa wito wa kuundwa mfuko wa kimataifa, na viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulianza mwaka 2002. Mwezi Januari mwaka 2003 Rais George W. Bush alitangaza mpango wa PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka 5. Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zilikuwa katika orodha ya nchi 15 zilizopewa kipaumbele.

Watu waliokuwa wakisubiri kufa walirudi mashambani. Hakuna tathmini ya kipindi hicho inayoweza kulipuuza hilo.

Lakini fedha zilikuja na sauti ya mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo theluthi moja ya fedha za kinga za PEPFAR ilipaswa kutumika kuhimiza watu wajizuie na ngono hadi ndoa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2008. Kanuni nyingine, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 1984 mjini Mexico City, iliyanyima fedha mashirika yanayojishughulisha na utoaji mimba, hata kwa kutumia fedha zao. Iliporejeshwa mwaka 2001, chama cha uzazi wa mpango cha Kenya kilikataa kutia saini na kikalazimika kufunga baadhi ya zahanati zake. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2009, ikarudi mwaka 2017, ikafutwa mwaka 2021, ikarudi mwaka 2025. Wapiga kura wa Marekani walibadilisha mawazo yao, na mama wa Nairobi akakuta mlango umefungwa.

Lawama hazikuwa za upande mmoja. Mwezi Agosti mwaka 2005 Mfuko wa Dunia ulisimamisha ruzuku zake zote 5 nchini Uganda, zenye thamani ya takriban dola milioni 200, baada ya wakaguzi kubaini kasoro kubwa katika kitengo cha Wizara ya Afya kilichozisimamia. Ruzuku zilirejeshwa mwezi Novemba, na tume ya Jaji James Ogoola ikaeleza hadharani jinsi fedha za wagonjwa zilivyochezewa. Asasi zilizokuwa na hesabu safi ziliadhibiwa pamoja na zile zisizokuwa nazo. Tangu hapo kitabu cha hesabu kikawa na uzito sawa na daftari la wagonjwa.

Sharti la Rose larejea

Mnamo Septemba mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza mkakati mpya wa afya duniani: fedha zipitie zaidi kwa serikali zenyewe, kwa mikataba ya miaka kadhaa, nazo ziahidi kuongeza bajeti zao. Kenya ilikuwa ya kwanza kutia saini, tarehe 4 Desemba. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6 katika miaka 5, na Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850. Siku chache baadaye Mahakama Kuu mjini Nairobi ilisimamisha kwa muda sehemu inayohusu kukabidhi taarifa za afya za wananchi. Wickliffe Rose angelitambua sharti la kuchangia. Suala la taarifa za wagonjwa kuwa sehemu ya bei ndilo jipya.

Nchi nyingine hazikungoja mkataba. Mwezi Februari mwaka 2025 bunge la Nigeria liliongeza dola milioni 200 katika bajeti ya afya. Ghana iliondoa kikomo kilichokuwa kikizuia sehemu ya makusanyo ya bima ya afya kufika kwenye mfuko wake. Wakati huo huo wafadhili wengine nao wanapunguza: Uingereza ilitangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, na Mfuko wa Dunia, uliotafuta dola bilioni 18, uliahidiwa bilioni 11.34 mwezi Novemba mwaka 2025.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo imenukuliwa mara nyingi tangu Januari ya mwaka 2025, lakini historia inaitaka ipokelewe kwa uangalifu. Hakuna kijiji kilichoweza kununua dawa za kurefusha maisha kwa mchango wa kuku na mahindi, na ada ya dirishani iliwafukuza wale wale iliyodaiwa kuwasaidia. Kilichodumu ni kile kilichoingizwa katika mfuko wa umma wakati mfadhili angali yupo: mshahara wa muuguzi uliohamia kwenye bajeti ya wilaya, idara iliyoachwa na watumishi wake, ujuzi uliobaki vichwani mwa wanakijiji.

Hilo linawahusu pia Waswahili walioko ughaibuni. Katika miji ya Muscat, London na Minneapolis, jumuiya za watu wa nyumbani huchangishana kujenga zahanati au kununua gari la wagonjwa. Nao ni wafadhili, hata kama hawajiiti hivyo. Jengo hukamilika kwa sherehe, utepe hukatwa, picha hupigwa. Kisha huja mwezi wa kwanza wa mshahara wa muuguzi, mafuta ya gari na dawa za kujaza kabati. Mchango uliotanguliwa na makubaliano ya maandishi na halmashauri, nani ataajiri na kwa fungu lipi, una nafasi kubwa zaidi ya kuuona mwaka wake wa kumi.

Kwa asasi inayoandika maombi ya ruzuku leo, ukurasa wa bajeti bado ni muhimu, na hesabu safi ni sharti lisilokwepeka. Ila ukurasa ambao kwa miaka mingi uliandikwa mwisho, kwa haraka, chini ya kichwa cha habari kuhusu uendelevu, ndio unaostahili kuandikwa kwanza, na uandikwe pamoja na diwani wa kata na mganga mkuu wa wilaya, kwani hao ndio watakaokuwapo siku mfadhili atakapoaga.